Geuza Sweta Ndani Nje Kabla Hujalilowesha

Mama mmoja aliniletea sweta ndani ya mfuko wa karatasi. Akalitoa taratibu, akalitandaza mezani kwangu, tukaliangalia sote wawili bila kusemezana. Lilikuwa la sufu ya kijivu, kifuani lina misuko minene inayopishana kama kamba. Alipewa na mama mkwe wake, akalivaa miaka minane. Sasa lingemtosha mtoto wa miaka mitano, na lilikuwa gumu kama zulia.

"Fundi, litanyooka?"

Nikamwambia ukweli kwamba halitanyooka. Lilipelekwa kwa dobi pamoja na mashuka, likaingia kwenye mashine ya maji ya moto, likatoka hivyo.

"Lebo ilikuwa imekatwa," akasema kwa sauti ya mtu anayejitetea. "Ningejuaje?"

Swali lake ndilo linaloniandikisha haya. Mimi kazi yangu ni kutengeneza nguo za kufumwa zilizotoboka, zilizofumuka na zilizovutika, na mara nyingi zinanifikia zikiwa zimeshaharibiwa na kufuliwa, wala si kuvaliwa. Lebo ikikatwa, nguo bado inaweza kukueleza imetengenezwa na nini, imetengenezwaje, na inataka ifuliwe vipi. Ila inaeleza kwa upande wa ndani.

Kwanza, uzi mmoja

Shati lako lina nyuzi za aina mbili, za wima na za mlalo, zinazopita juu na chini ya mwenzake. Ukilivuta halitoki mahali pake. Sweta ni uzi mmoja unaojipitia wenyewe. Kila kitanzi kimepenyezwa ndani ya kitanzi cha mstari wa chini yake, na ndiyo maana linanyumbuka: ukilivuta, vitanzi vinabadilika umbo, ukiliachia, vinarudi. Ndiyo maana pia likikatika mahali pamoja linaweza kufumuka hadi mwisho.

Mishono ya msingi ni miwili tu. Kitanzi kikivutwa kuja mbele kinaacha alama kama herufi V. Kikivutwa kwenda nyuma kinaacha kinundu cha mlalo. Mimi huiita uso na mgongo, na kwa kweli ni mshono ule ule ukitazamwa kutoka pande mbili. Panga uso mbili mgongo mbili, upate ule ukingo wa mikononi unaobana na kuachia. Pishanisha vitanzi vitatu juu ya vitatu, upate msuko. Zungusha uzi kwenye sindano bila kufuma chochote, upate tundu. Panga matundu kwa hesabu, upate shali nyepesi kama zile za visiwa vya Shetland huko Uskoti, ambazo hupitishwa nzima ndani ya pete ya ndoa.

Mimi nilianza nikiwa na miaka 11, mguu ukiwa kwenye plasta, sina la kufanya ila kulalamika. Shangazi yangu alichoshwa na kelele zangu akanipa sindano mbili na mabaki ya uzi wa kahawia. Nilifuma skafu yenye upana wa vidole sita upande mmoja na vidole kumi upande wa pili, maana nilikuwa naongeza vitanzi bila kujua. Shangazi aliishika, akaivuta uzi, ikafumuka yote mbele ya macho yangu. "Uzi bado mzima, mwanangu," akasema, akanirudishia kibonge. Alinifumulia mara tatu. Mguu ulipopona nilikuwa naweza kusema kosa liko mstari wa ngapi kwa kupapasa tu.

Wako wanaodhani hii ni shughuli ya bibi kizee kando ya moto. Kisiwani Taquile, katika ziwa Titicaca nchini Peru, wanaofuma kofia ni wanaume, na UNESCO ilitambua sanaa ya nguo ya kisiwa hicho mwaka 2005. Mashine ya kwanza ya kufuma soksi nayo ilibuniwa na mwanamume, William Lee, huko Uingereza mwaka 1589. Nalisema hili kwa sababu bado wapo wateja wanaoniuliza kama kazi hii naifanya mwenyewe au namsimamia mke wangu.

Kusoma upande wa ndani

Ligeuze sweta, ulitandaze penye mwanga wa dirisha. Anza ubavuni.

Ukikuta ukingo uliokatwa kwa mkasi kisha ukazungushiwa nyuzi za mashine ili usifumuke, hilo lilikatwa kutoka kwenye jora, kama fulana ya kawaida. Si kosa, lakini zile nyuzi zikiachia, vitanzi vilivyokatwa vitaanza kutoroka kimoja kimoja, kwa hiyo ukiona mahali pameachia, pashone siku hiyo hiyo.

Ukikuta vipande viwili vimekutanishwa kitanzi kwa kitanzi, kingo zote safi, na karibu na kwapa kuna mstari wa alama ndogo zinazopanda kwa mshazari, basi lilifumwa kwa umbo. Zile alama ni mahali ambapo vitanzi viwili viligeuzwa kimoja ili kupunguza upana. Hapo kila kipande kilihesabiwa. Sweta la namna hiyo hutengenezeka vizuri mno, kwa kuwa hakuna kilichokatwa.

Na usipoona mshono wowote ubavuni, limefumwa kwa mzunguko, kama soksi. Huenda ni mashine: teknolojia ya kufuma nguo nzima bila mshono ilitolewa na kampuni ya Shima Seiki ya Japani mwaka 1995. Huenda ni mkono, na kwa mkono jambo hili ni la kale. Katika jumba la sanaa la Hamburg iko picha ya madhabahu iliyochorwa na Meister Bertram karibu na mwaka 1400. Bikira Maria amekaa na kijinguo cha mtoto mapajani, sindano nne zimezunguka shingo ya kijinguo hicho, anakimalizia. Kila nikiitazama picha hiyo nachekea moyoni, kwa sababu mchoraji hakubuni: nguo imeshikwa vile vile ninavyoishika mimi ninapookota vitanzi vya shingo. Kuna mfumaji aliyekaa, mchoraji akamwona.

Sasa angalia kama kuna rangi mbili. Ukikuta nyuzi zinazopita nyuma bila kufumwa, kama vidaraja vifupi kutoka kitanzi hadi kitanzi, umeshika kazi ya mtindo wa Fair Isle, kisiwa kidogo cha Uskoti kati ya Orkney na Shetland. Kwa mbali utadhani kila mstari una rangi sita. Hesabu upande wa ndani: kwa kawaida ni mbili tu kwa kila mstari, moja inafumwa, nyingine inasubiri nyuma. Rangi hubadilishwa mstari kwa mstari, jicho likadanganyika. Mwanamfalme wa Wales, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza, alivaa sweta la namna hiyo miaka ya 1920, na mtindo ukaenea. Uhusiano wake na matunzo ni huu: vua pete na saa kabla ya kuingiza mkono. Vidaraja vile ndivyo vinavyonaswa na kidole, na kimoja kikivutwa, upande wa nje unakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Wafumaji wa huko Shetland wana jambo lingine ambalo nililisikia nikakataa kuliamini mpaka nilipojaribu. Wanafuma kiwiliwili chote kama bomba, bila nafasi ya mikono wala kifua cha vifungo, halafu wanachukua mkasi na kukata. Sweta halifumuki. Sufu ya kondoo wa kule ina nywele zinazong'ang'aniana, vitanzi havina pa kukimbilia. Mkono wangu ulitetemeka siku ile. Usijaribu kwa pamba.

Upande wa ndani unaweza hata kuwa ndio urembo wenyewe. Mwaka 1927 jijini Paris, mbunifu wa mitindo Elsa Schiaparelli alitoa sweta jeusi lenye utepe mweupe wa kufumwa shingoni, utepe ambao haukuwepo, yaani ni picha ya utepe tu. Ufumaji wake ulikuwa wa Kiarmenia: uzi mweupe ulipitishwa nyuma na kunaswa na mweusi, ukawa unachungulia mbele kama vumbi la chaki. Mkono wa fundi ulijitokeza nje makusudi.

Ni nyuzi gani hizi?

Lebo haipo. Tafuta ndani ya mshono wa ubavuni kipande cha uzi kinachoning'inia, kata urefu wa ukucha. Kishike kwa kibano juu ya sinki lenye maji, ukiwashie kiberiti.

Sufu inawaka kwa shida, inajikunja, na ukiondoa moto inazima yenyewe. Inanuka nywele zilizoungua, kwa sababu imeundwa kwa keratini, protini ile ile ya nywele zako. Majivu yake ni meusi na yanapondeka kati ya vidole. Hariri hufanana nayo. Pamba inawaka haraka kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha majivu laini ya kijivu. Akriliki, uzi wa kiwandani unaoiga sufu, inayeyuka, inatoa moshi mchungu, na ikipoa inaacha shanga ngumu isiyopondeka. Usiiguse ikiwa moto, inaganda kwenye ngozi. Uzi ukifanya mambo mawili kwa pamoja, ukanuka nywele na bado ukaacha kishanga, ni mchanganyiko. Ufue kama sufu.

Tofauti hii si ya kitabuni. Unywele wa sufu una magamba madogo, kama ya samaki, yanayoelekea upande mmoja. Joto na maji huyafungua, sabuni kali inazidisha, na msuguano unazisukuma nywele zipitane. Magamba yananasana, na kila msukosuko unazikaza zaidi. Ndivyo zulia la sufu iliyogandishwa linavyotengenezwa, na ndivyo sweta la yule mama lilivyofanywa zulia bila mtu kukusudia. Njia ya kurudi hakuna. Utasikia watu wanashauri kulowesha kwenye dawa ya kulainisha nywele kisha kulivuta. Hilo husaidia kidogo kwa sweta lililobana tu ambalo vitanzi vyake bado unaviona. Kama vitanzi havionekani tena, acha. Lakini usilitupe, maana sufu iliyoganda haifumuki hata ukiikata. Yule mama nilimkatia sweta lake nikamtengenezea soli za ndani za viatu na mfuko wa miwani, ule msuko wa katikati nikaupanga uangukie mbele ya mfuko.

Pamba haina magamba, lakini pia haina ule mrejeo wa sufu. Ikilowa inakuwa nzito na inalegea, viwiko vinatoka, ukingo wa chini unafika mapajani. Akriliki haiogopi maji wala nondo, inaogopa pasi. Niliwahi kupiga pasi ya moto juu ya kola ya akriliki ili ilale vizuri. Ililala. Ikang'aa, ikalegea kama utambi uliolowa mafuta, na haikuinuka tena.

Kufua kwa mkono

Kwanza, je, lina haja ya kufuliwa? Sufu ikitundikwa penye upepo usiku mmoja hutoa harufu nyingi iliyonasa. Mimi langu nalivaa mara tano sita juu ya shati kabla ya kulipeleka majini. Doa nalisafisha peke yake, kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, nikigonga bila kusugua.

Likiwa la kufuliwa kweli, tandaza karatasi kubwa sakafuni, weka sweta juu yake, uchore mzunguko wake kwa penseli: mabega, mikono, upana wa chini. Andika upande wa juu. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia baadaye sweta lilikuwa na ukubwa gani, kwa sababu likiwa limelowa macho yatakudanganya. Zangu nazitunza nyuma ya mlango, kila moja na jina la mwenyewe.

Jaza beseni maji ya uvuguvugu, nyuzi joto 30 hivi. Bila kipimajoto, tumbukiza kifundo cha mkono: usisikie moto wala baridi. Tia sabuni ya maji ya sufu, au shampuu ya nywele kiasi cha kijiko kimoja cha chai, maana unafua nywele. Koroga iyeyuke kabla sweta halijaingia. Sabuni za unga za kawaida sitaki kuziona karibu na sufu wala hariri. Nyingi zina vimeng'enya vilivyowekwa humo makusudi ili kumeng'enya protini za madoa, na vyenyewe havijui tofauti ya doa na sweta. Dawa ya kung'arisha yenye klorini ni mbaya kuliko zote. Sufu ikikaa humo huyeyuka, na simaanishi kuharibika, namaanisha kuyeyuka.

Sweta la rangi kali lijaribu kwanza: kandamiza pamba nyeupe iliyolowa kwenye mshono wa ndani uhesabu hadi sitini. Pamba ikitoka na rangi, litachuja. Lifue peke yake, kwa maji ya baridi zaidi, kwa haraka.

Lisukume sweta chini ya maji kwa viganja vyako, uachie, usukume tena, kama unavyoukanda unga laini lakini bila kuugeuza. Hewa itatoka kwa vipovu. Likishalowa liache dakika 10 hadi 15, uondoke. Hapa ndipo watu wanaposhindwa kuvumilia. Wanarudi kusugua kwapa, wanafikicha kola. Uchafu unatoka kwa kulowa. Mikono inayofikicha ndiyo inayogandisha.

Maji ya kusuuzia yawe na joto lile lile. Kulitoa sweta kwenye uvuguvugu na kulitia kwenye baridi ya bomba ni mshtuko ambao magamba yanaujibu kwa kujifunga. Suuza mara mbili, na usilimiminie maji kutoka juu.

Sasa kulitoa. Wakati fulani nilipima sweta la mteja kwa mzani wa jikoni: kavu lilikuwa gramu 520, likitoka kwenye beseni lilikuwa kama mara tatu ya hapo. Ukilishika mabegani ulinyanyue, uzito huo wote unaning'inia kwenye vitanzi vya mabega. Ingiza mikono miwili chini yake, ulibebe kama mtoto anayetolewa majini. Kandamiza ukutani mwa beseni maji yapungue. Usikamue kwa kusokota hata kidogo.

Litandaze juu ya taulo kubwa kavu, uviringishe taulo pamoja na sweta kama mkeka, halafu upige magoti juu yake, uende hatua kwa hatua kutoka ncha hadi ncha. Watoto wa nyumbani kwangu hugombania kazi hii. Fungua: sweta litakuwa na unyevu tu. Chukua ile karatasi yako, funika kwa plastiki au utandike taulo jembamba juu yake, ulaze sweta na kulivuta polepole lilingane na mchoro. Mikono sambamba, misuko inyooke, ukingo wa chini usukume ndani ubane. Hapa ndipo unapolipa umbo. Sufu iliyolowa inakubali kupangwa, na ikikaukia hapo itakumbuka hadi utakapoifua tena.

Likauke likiwa limelala, kivulini, penye hewa. Jua kali hupausha rangi na sufu nyeupe huifanya ya manjano. Baada ya siku moja ligeuze. Kamba ya nguo na kibanio usivikaribie.

Kama lebo ipo na inaruhusu mashine, sawa, iko sufu iliyotibiwa kiwandani ili magamba yasinase; tumia mzunguko wa sufu na mfuko wa wavu. Alama ya beseni lenye mkono ndani ni kufua kwa mkono. Beseni lenye alama ya kuzidisha, usilifue. Mraba wenye mstari wa mlalo katikati, likauke likiwa limelala.

Vijipira

Vile vijipira vinavyoota kwapani na ubavuni vinakasirisha watu kuliko tundu. Ni nywele fupi zilizochomoka kwenye uzi, zikasuguliwa, zikajiviringisha. Uzi laini sana hutoa vingi, kwa sababu husokotwa kwa ulegevu na nywele zake ni fupi. Kashmiri, manyoya laini ya mbuzi yenye unene usiozidi wastani wa maikroni 19 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), itakutolea vijipira wiki ya kwanza hata kama ni ya hali ya juu. Ukitaka usivipate, vaa uzi mgumu unaowasha. Mimi nimechagua vijipira.

Usivichune kwa vidole, unavuta nywele nyingine. Tandaza sweta kwenye meza ngumu, tumia kitana maalumu cha sweta au kijimashine cha kunyolea vijipira, uende upande mmoja bila kugandamiza. Wembe nautumia mimi kwa kuwa nimezoea. Wewe usianze nao.

Uzi uliochomoza na tundu

Uzi ukichomoza, usikate. Nasema tena kwa wale ambao mkasi uko karibu: usikate. Hicho ni kitanzi kilichovutwa, na urefu wake umetoka kwa majirani zake. Litazame kwa karibu utaona vitanzi vya kushoto na kulia vimebana. Kwa ncha ya sindano butu vuta kile cha jirani wa kwanza kidogo, halafu wa pili, halafu wa tatu, ukiurudisha urefu nyumbani kwake. Ukibaki ule usiorudi, upitishe ndani kwa sindano ya kroshia.

Kitanzi kikikatika wima, yaani umeona ngazi inayoshuka, zuia kwanza: pachika kikwasi, yaani pini inayojifunga, kwenye kitanzi kilicho chini kabisa kilicho hai. Kisha chukua sindano ya kroshia. Ingiza ndani ya kitanzi hicho kutoka mbele, nasa kipago cha kwanza cha ngazi, kivute kipite. Sasa una kitanzi kipya. Nasa kipago kinachofuata. Unapanda hivyo mpaka juu, na kama hujakosea huwezi kujua palikuwa na ngazi. Kule juu, mahali uzi ulipokatika hasa, funga kwa kipande cha uzi kinachofanana, ncha zake uzifiche upande wa ndani kwa mshazari.

Tundu lenyewe, lenye vitanzi vilivyokufa pande zote, lina njia mbili. Ya siri ni kufuma upya vitanzi kwa sindano butu, ukifuata njia ya uzi wa asili, V kwa V. Inachosha macho, na uzi usipolingana kabisa na wa mwanzo, siri inafichuka. Ya wazi ni kutandika tundu juu ya kitu cha mviringo, mimi hutumia kikombe kilichopinduliwa, kupitisha nyuzi za wima kutoka kwenye vitanzi vizima vya chini hadi vya juu, kisha kupitisha za mlalo juu na chini, kama mkeka mdogo. Anza na kumaliza mbali kidogo na tundu, kwenye sehemu yenye nguvu. Usikaze. Ukikaza patakunjamana, na kiraka kigumu katikati ya sweta laini kitaita tundu lingine pembeni yake.

Kama pamekonda lakini hapajatoboka, kama kiwiko kinachoonyesha mwanga, huhitaji hata hayo. Pitisha uzi mpya juu ya kila V, ukizifuata V zile zile. Unaziongezea unene kabla hazijakatika. Nusu saa ya kazi hiyo inakuokoa na siku nzima ya ile nyingine.

Kabati na nondo

Sweta hukunjwa. Likining'inizwa kwenye kiango, mabega yanaota pembe na mwili unarefuka kwa uzito wake mwenyewe.

Kuhusu nondo, watu humpiga yule mdogo wa rangi ya majani makavu anayeruka chumbani wakadhani wamemaliza. Nondo wa nguo akishakuwa mzima hali chochote. Anayekula ni kiwavi wake, na anapenda giza, utulivu, na nguo yenye jasho au mabaki ya chakula. Kwa hiyo kosa kubwa ni kukunja sweta lililovaliwa na kuliweka mbali kwa miezi. Fua kwanza, likauke kabisa, ndipo ulifungie kwenye mfuko mzima usio na tundu. Mbao na maua yenye harufu weka ukipenda, kabati litanukia, lakini usivitegemee viue mtu.

Umekuta vitundu vidogo na nyuzinyuzi kama utando? Toa kila kitu. Kung'uta nje, safisha kona za kabati na mianya ya sakafu, na kila cha sufu kitie kwenye mfuko wa plastiki, kikae kwenye friza ya nyuzi joto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Mtu wa nyumbani atauliza kwa nini kuna sweta kando ya nyama. Mweleze.

Sweta alilofuma shangazi ninalo bado, la kahawia, uzi ule ule alionipa mabaki yake. Kiwiko cha kulia kilitoboka mwaka juzi na sikuwa na kahawia nyingine inayolingana nayo. Nilitafuta, nikaacha, nikalipa kiraka cha bluu iliyokolea, mistari kumi na sita kwa kumi na sita. Nilipomaliza nililigeuza niangalie ncha za uzi upande wa ndani. Karibu na kwapa nikaona kitanzi kimoja kilichozidi, mstari ambao haukupaswa kuwa nacho, na mbele yake viwili vimefumwa pamoja kulifidia kosa. Shangazi alinifumulia skafu yangu mara tatu, na kosa lake mwenyewe lilikuwa limefichwa hapo miaka yote hiyo.